Nusu Saba za Kompyuta Moja

Hapo juzijuzi, si zamani wala si kale, palikuwa na jamhuri moja iliyotulia sana. Ilitulia hata mgeni aliyeingia mara ya kwanza alivua kofia akidhani kuna msiba. Jina lake silitaji, maana kila ninapojaribu kulitaja mbele za watu, mmoja huruka na kusema, "Ala, kumbe unatusema sisi!" na mwingine wa nchi jirani humjibu, "Wapi, anatusema sisi," na mazungumzo yote huharibika. Tuiite Jamhuri, inatosha.

Katika Jamhuri hiyo alikuwepo mtumishi aliyeitwa Chande. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta ya serikali. Sikusema kompyuta za serikali. Ilikuwa moja, na habari yake nitaieleza. Kwanza nieleze kwamba Chande alikuwa amechoka. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani kwamba atachoka huko mbele. Alikuwa ameshachoka kabla hadithi haijaanza. Alitaka jambo moja tu duniani: kustaafu, apande zake Kiningo, kijiji cha mlimani kilicho mwisho kabisa wa bomba la maji, ambako mkewe Siwatu alikuwa ametangulia kujenga na kulima. Akae naye barazani wamenye mihogo, na asimsikie tena mtu akiita, "Fundi, hebu njoo, imeganda."

*

Kompyuta ilikuja hivi. Wizara zote zilikuwa zikidai mashine zao, na Hazina ilikuwa ikijibu kwa kukohoa. Ndipo akaletwa mtaalamu mmoja kutoka nje, akaeleza mbele ya Mkuu wa Nchi kwamba siku hizi mtu hanunui kompyuta nyingi. Hununua moja yenye nguvu, halafu programu maalumu huigawa kwa ndani, ikawa kompyuta nyingi zisizoshikika. Kila mtumiaji huwekewa skrini na kibodi mezani kwake, akaona kompyuta nzima ya kwake, yenye mafaili yake na picha yake, ingawa wote wanakula chungu kimoja.

Mkuu wa Nchi, ambaye alikuwa akitafakari huku amefumba macho na kukoroma kidogo, alifumbua jicho moja.

"Hebu rudia. Kila mmoja anadhani anayo nzima?"

"Ndiyo, Mtukufu."

"Na kumbe kilichopo ni kimoja?"

"Kimoja tu, Mtukufu."

"Na wenyewe hawaonani?"

"Hawaonani kabisa."

Mkuu wa Nchi alifumbua na jicho la pili. "Bwana wee! Miaka yote hii naitawala nchi hii kwa jasho langu, kumbe kuna mashine!"

Ikanunuliwa wiki ile ile. Ilipokewa uwanja wa ndege kwa kwaya na mizinga, ikawekwa juu ya kitoroli, ikasukumwa taratibu mbele ya gwaride la heshima ikalikagua. Walioshuhudia wanasema ilikagua vizuri kuliko viongozi wengi, maana haikuchelewa wala haikutoa hotuba. Kisha ikafungiwa katika chumba pekee cha serikali ambacho kiyoyozi chake kilikuwa kizima, na Chande akakabidhiwa ufunguo.

*

Sasa lazima nieleze desturi ya viti, la sivyo yanayofuata yataonekana ni upuuzi, na Jamhuri haikuwa na upuuzi, ilikuwa na taratibu.

Waziri wa Jamhuri hakai katika kiti kilicho chini kuliko cha waziri mwenzake. Ni desturi nzuri, yenye heshima. Ila kila waziri mpya alipoapishwa alimwita seremala amwongezee miguu kidogo, si ya waziri bali ya kiti, na wenzake wakiona hivyo nao wanamwita seremala huyo huyo. Ikafika mahali Baraza la Mawaziri likikutana, waheshimiwa wanapanda kwa ngazi, miguu inaning'inia, na mambo mazito ya nchi yanaamuliwa kule juu karibu na feni. Waziri wa Utulivu alipoteza kofia mbili kwa feni hiyo, na hakusema neno.

Basi Waziri wa Sherehe na Mapokezi, Mheshimiwa Lugendo, mtu mwenye sauti ya kuvunja sahani, ndiye aliyefika kwanza katika chumba cha mashine.

"Chande, wenzangu umewapa kiasi gani?"

"Sijampa mtu bado, mheshimiwa. Wizara ziko saba, naona tugawe sawa kwa sawa—"

"Sawa kwa sawa! Mimi na Mifugo, sawa kwa sawa?"

Chande alimtazama. Ilikuwa adhuhuri, hajala, na magoti yalikuwa yakimuuma kwa baridi ya kile kiyoyozi. Angeweza kumweleza mheshimiwa jinsi hesabu ilivyo. Angeweza pia kuueleza ukuta. "Basi chukua nusu," akasema, ili mtu aondoke. Na kweli mtu aliondoka, tena akiimba.

Kabla ya alasiri habari ilikuwa imeenea. Mifugo akataka nusu. Utulivu akataka nusu. Fedha, Utumishi, Mipango ya Baadaye, na ile Wizara ya Mambo Mengine ambayo hakuna anayejua inafanya nini, wote wakataka nusu, na Chande akawapa. Programu yenyewe haikubisha. Ina tabia hiyo: inakubali kuahidi zaidi ya ilicho nacho, kama mwenyeji aliyealika ukoo mzima kwa kuku mmoja, akitumaini kwamba wengi watapata udhuru.

Waziri wa Fedha alilitangazia Bunge mafanikio hayo. "Waheshimiwa, nusu saba ni kompyuta tatu na nusu. Sisi tulinunua moja! Nitajieni nchi nyingine ambamo kompyuta imezaa, tena bila kulishwa!" Bunge lilipiga meza mpaka vikombe vikaruka, na maendeleo hayo yakaingizwa katika takwimu za taifa.

Ilibaki Idara ya Maji. Haikuwa wizara, kwa hiyo haikuwa na haki ya nusu. Chande aliipa kilichobaki baada ya nusu saba, na wajuao hesabu watanisaidia kilikuwa kiasi gani. Idara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji ya serikali, na ndani ya chumba hicho alikuwamo Bi. Asumpta, mwanamke wa maneno machache na kikohozi kisichokwisha. Maji ya mji hayakutosha watu wote kwa wakati mmoja, hivyo Asumpta aliyazungusha: kwa kompyuta yake alifungua bomba la Bondeni asubuhi, la soko na hospitali mchana, na jioni akayasukuma milimani mpaka Kiningo. Hakuna aliyemsifu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba maji hufunguliwa. Watu walidhani yanatoka tu.

*

Na mashine ilienda vizuri ajabu. Mtaalamu aliandika kutoka kwao akiuliza siri ni nini. Siri ilikuwa kwamba hakuna aliyeitumia. Waheshimiwa waliwasha, wakaweka picha zao wakitabasamu, halafu wakaifunika skrini kwa kitambaa cha kufuma chenye maua, vumbi lisiingie, na juu yake wakatua chombo cha maua ya plastiki. Mwenye kubonyeza alikuwa Asumpta peke yake, na mashine, kwa kuwa ilikuwa na mteja mmoja, ilimhudumia kwa uaminifu.

"Serikali hii inakwenda," Chande alimwambia siku moja wakinywa chai, "kwa sababu wenyewe wamelala."

"Basi tusiwaamshe, baba," alijibu Asumpta, akakohoa, akarudi kwenye bomba la sokoni.

Umri wa kustaafu ulifika, ukampita Chande bila kumsalimia. Alikwenda Utumishi kuulizia. Afisa alimkaribisha kwa huruma nyingi, maana huruma ilikuwa haina bajeti na kila mtu aliweza kuitoa.

"Tatizo lako, mzee, wewe unahudumia wizara saba. Kila moja ina nusu yako. Huwezi kuondoka mpaka zote zikuachie."

Chande akaanza mzunguko. Kila wizara ilimjibu jambo moja: sisi hatuna neno nawe, waulize wenzetu. Alipomaliza kuwauliza wenzao, mawaziri kadhaa walikuwa wamebadilishwa viti, akaanza upya. Siwatu alikuwa akimpigia simu jioni.

"Umefika wapi?"

"Mifugo."

"Si ulikuwa Mifugo mwezi uliopita?"

"Nimezunguka, nimerudi Mifugo."

Siwatu hunyamaza kidogo, kisha humwambia amepanda nini. Kunyamaza huko kulimuuma Chande kuliko kama angegombezwa. Alikuwa akimpenda mkewe, na alijua kwamba wanazeeka mbalimbali, yeye huku na mwenzake kule.

*

Ikatokea kwamba wafadhili walisikia habari za kompyuta iliyozaa, wakaomba kuja kuiona. Mkuu wa Nchi akatangaza Siku ya Kazi Halisi. Siku hiyo, saa nne asubuhi, mawaziri wote saba wangefanya kazi, mbele za watu, kwa pamoja.

Chande alimwendea Mheshimiwa Lugendo mbio, au tuseme kwa kasi ambayo magoti yaliruhusu.

"Mheshimiwa, mashine ile inawabeba nyote bila shida. Ila tafadhali msifanye kazi wote wakati mmoja."

"Kwa nini? Miaka yote hii tumekuwa tukifanyaje?"

"Hamkuwa mkifanya, mheshimiwa."

Mheshimiwa Lugendo alicheka mpaka akashika mbavu. "Chande, wewe ni mchawi wa mizaha! Nitakuweka kwenye ratiba, baada ya ngoma."

Siku ikafika. Ukumbi ukapambwa, viti vikapangwa, ngazi zikaegemezwa, waheshimiwa wakapanda. Kengele ikalia. Vitambaa saba vya kufuma vikaondolewa kwa mpigo mmoja, vumbi likapaa, wafadhili wakapiga chafya, na waheshimiwa wakaanza kubonyeza.

Kule katika chumba cha baridi mashine ilivuma, ikawasha taa nyekundu ambazo Chande hakuwahi kujua kama zipo, ikaganda.

Ukumbini, kila waziri alikiona kile kiduara kinachozunguka katikati ya skrini. Kikazunguka. Kikaendelea kuzunguka. Na hakuna aliyefungua mdomo. Kusema "yangu imeganda" kulikuwa ni kukiri hadharani kwamba nusu yako ni ndogo kuliko nusu za wenzako, na waziri ni afadhali aanguke kutoka kwenye kile kiti kirefu. Basi wakaendelea. Lugendo alikuwa akiipiga kibodi kwa vidole vyote kumi, akitingisha kichwa, "Naam! Hiyo hapo! Safi kabisa!" Waziri wa Mifugo alijifuta jasho akatangaza kwamba ng'ombe wote wa taifa wamehesabiwa na ni wazima. Mfadhili mmoja, bibi mwenye miwani, aliuliza kwa upole kwa nini picha kwenye skrini haibadiliki.

"Hiyo, mama," alimjibu Mkuu wa Nchi, "ndiyo sisi tunayoiita uthabiti."

Makofi yakarindima. Wageni wakala, wakapiga picha, wakaondoka wakiwa wameridhika.

Chande aliizima mashine na kuiwasha tena. Ikaganda kabla hajaufikia mlango. Aliwasha tena, ikaganda tena. Akaenda kuchungulia na kuelewa: baada ya sifa zile, hakuna waziri aliyetaka kuonekana amekaa bure, na kila mmoja alikuwa amemleta mpwa wake ofisini, abonyeze kibodi kutwa kucha. Wapwa saba walikuwa wakivitazama viduara saba na kubonyeza.

Alingoja waite, "Fundi, imeganda." Hakuna aliyeita. Si siku hiyo, si wiki hiyo. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo walivyofanya. Kompyuta ya serikali ilikuwa imekufa, na serikali ilikuwa haijambo.

*

Mkuu wa Nchi alifurahi hata akaona ni dhambi kuiachia mashine peke yake neema hiyo. Akatoa amri kwamba watumishi nao wagawiwe. Mwalimu mmoja akapewa shule saba, na kila shule ikaandikiwa kwamba ina mwalimu mzima. Wagonjwa walipofika hospitali waliambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba daktari yupo, ila kwa sasa anatumiwa na hospitali nyingine.

Katika baraka hizo ombi la Chande nalo likakubaliwa. Aliagwa rasmi katika ukumbi wa Wizara ya Sherehe, kwa soda na karanga. Mheshimiwa Lugendo alisimama.

"Ndugu zangu, Chande ametumika, na leo anapumzika. Anapumzika moja kwa moja! Nazungumzia, bila shaka, upande wa wizara yangu. Wizara nyingine zitaendelea naye kama kawaida."

Watu wakashangilia. Chande akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, huo upande wangu unaopumzika, ni upi?"

"Hilo ni la kitaalamu, Chande. Mtaalamu ni wewe."

Akapewa blanketi. Alitoka nalo kwapani, akakusudia kurudi kwenye chumba cha baridi kama alivyokuwa amerudi maisha yake yote. Ila magoti yalikataa. Alisimama uani, akalitazama lile jengo, na moyo ukamwambia wazi: nimechoka, sitaki. Palikuwa na lori la mkaa linarudi milimani tupu. Akampungia dereva mkono, akapanda.

Siwatu alimwona anateremka barabarani, mweusi kwa masizi, akaacha jembe. "Wamekuachia?"

"Sehemu."

"Sehemu gani?"

"Hii iliyokuja."

Siwatu alicheka, akalia kidogo, akamwandalia maji ya kuoga. Yalikuwa nusu ndoo. Bomba la Kiningo lilikuwa kavu tangu ile Siku ya Kazi Halisi, na watu waliteremka korongoni kuchota kwenye chemchemi yenye viluwiluwi.

Chande alikaa akingoja gari la serikali lije kumkamata. Halikuja. Baadaye alipata habari kwa dereva wa lori: kila wizara iliyomtafuta iliambiwa yuko wizara nyingine, ikaridhika. Mwanzoni alicheka mpaka machozi. Kisha neno lile likaanza kumchoma. Miaka yote aliyokaa kwenye baridi ile, magoti yote yale, na pengo lake halikutosha hata kumfanya mtu ageuze shingo.

*

Asumpta alipanda Kiningo kwa miguu, akikohoa njia nzima. Alifika, akaamkia, akakaa.

"Baba, nimekuja kwa habari ya mashine."

"Mimi nimestaafu, binti yangu."

"Najua. Niliambiwa umestaafu kipande."

"Kipande hicho ndicho kilichokaa hapa. Vingine sijui viliko."

Asumpta hakucheka. Alieleza polepole. Mabomba yalikuwa yameganda yalivyokuwa saa nne ya siku ile: Bondeni wazi usiku na mchana, maji yanamwagika mpaka nyumba zinaingia matope, na kwingine kote hakuna tone. Hospitali wanachota mtaroni. Watoto wameanza kuharisha. Alikwenda wizara zote saba kuomba wapwa waiache mashine ipumzike, na kila waziri alimwambia kwamba yake inakwenda vizuri sana.

"Wawili wamezikwa, baba. Watoto wa mtaa wa gereji. Nawajua mama zao."

Chande alishika tama. Hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu. Alitaka tu dunia imwache akae. Alimtazama Siwatu akitumaini kwamba atasema, usiende.

Siwatu alikuwa akiitazama ndoo. "Mimi sikuolewa na kipande, Chande," akasema. "Nenda mzima, urudi mzima."

Chande na Asumpta wakashuka. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wazi na kiyoyozi kikivuma. Hakuna aliyekuwa ameingia tangu aondoke. Chande alikaa mbele ya mashine akafikiri. Akiirudisha ilivyokuwa, wapwa wataigandisha. Akiwanyang'anya waheshimiwa nusu zao, watapiga kelele. Ndipo akagundua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuhitaji kompyuta. Walihitaji kuonekana wanayo.

Basi alimpa Asumpta mashine yote, nzima, mpaka pembe ya mwisho. Waheshimiwa aliwawekea kitu kidogo mno kisichokula nguvu yoyote: kila mmoja picha yake mwenyewe ikitabasamu, na kiduara kinachozunguka, na kila baada ya muda kiduara kinasimama na maneno yanatokea, *Kazi imekamilika, mheshimiwa.*

Furaha iliyotokea serikalini haielezeki. Tangu uhuru hakuna wizara iliyowahi kukamilisha jambo. Mheshimiwa Lugendo alikamilisha kazi nyingi kabla ya chakula cha mchana, akalala kwa uchovu wa haki. Na nyuma ya gereji Asumpta alibonyeza, maji ya Bondeni yakakatwa, ya hospitali yakatoka yakiwa na kutu kwanza, kisha meupe.

"Utaweza peke yako?" Chande alimuuliza.

"Lini nilikuwa na mwenzangu, baba?"

Chande alimuaga. Akarudi Kiningo.

*

Mwisho wa yote alikuja afisa. Aliitwa Mkumbwa, na cheo chake kilikuwa Mtafuta Watumishi. Alifika jioni mapema, jua bado kali, viatu vimepinda visigino. Chande alikuwa chumbani nyuma ya pazia, amejilaza, na alipoisikia sauti ya serikali barazani alijivuta lile blanketi mpaka kidevuni.

"Hodi mama. Shikamoo. Namtafuta Chande, mtunza mashine."

"Marahaba. Mbona yuko wizara nyingine?" alisema Siwatu, bila hata kuacha kumenya muhogo.

Mkumbwa alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia. "Ahsante, mama. Ndivyo ninavyoambiwa kila mahali. Naenda kuripoti hivyo hivyo." Akaangalia huku na huku. "Naomba nikae kidogo. Mimi mwenyewe niko ofisi tisa, na zote zinajua niko nyingine."

"Kaa, mwanangu. Nani atakufukuza?"

Siwatu alifungua bomba la uani. Maji yakatoka kwa nguvu, baridi, akajaza kata, akampa. Mkumbwa alikunywa yote, akaomba tena, akanywa, akajifuta mdomo kwa mkono.

"Watu wanalalamika sana, mama. Lakini tuseme kweli, Mungu anatuona: serikali yetu inachapa kazi."

Nyuma ya pazia Chande alifumbua macho. Serikali iliyosemwa alikuwa akiijua. Ilikuwa imekaa kwenye kigoda nyuma ya gereji. Bondeni asubuhi, hospitali mchana, Kiningo jioni, na kesho tena Bondeni, bila mtu wa kuiambia haya nenda kwenu, mimi nipo. Yeye aliyapata mapumziko yake, aliyapigania, na hakuna atakayekuja kuyachukua tena. Hilo sasa lilikuwa hakika. Lakini aliona aibu, ile ya kweli. Alikaa kitandani, akapapasa chini, akatafuta viatu.

Siwatu aliingia akamkuta anafunga kamba. "Wapi tena?" alinong'ona. "Hakuna aliyekuita."

"Ndiyo maana nakwenda."

Siwatu alimtazama, amekasirika na hajakasirika. Kisha alitoka, akarudi na mihogo ya kuchemsha imefungwa kwenye jani. "Utarudi lini?"

"Keshokutwa. Halafu nitateremka tena, halafu nitarudi. Tutapeana zamu na yule binti."

Alipita barazani akijikongoja. Mkumbwa, ambaye alikuwa amevua viatu na kunyoosha miguu kwenye mkeka, alimwamkia kwa heshima.

"Mzee, unateremka mjini? Ukimwona mtu anaitwa Chande, mwambie serikali inamtafuta."

"Serikali haimtafuti mtu, mwanangu," alisema Chande. "Serikali ina kikohozi na haijalala siku nyingi. Mimi nakwenda kuipokea zamu, ikapumzike."

Mkumbwa aliliwaza jambo hilo, akaona liko juu ya cheo chake. Akalaza kichwa kwenye mkeka, na Chande akashika njia ya kuteremka, goti moja baada ya jingine.